Niko na Mawazo

Mara ya kwanza nilipoenda kliniki ya chuo nilimwambia muuguzi kwamba nimechoka. Akaniuliza kama nina joto mwilini. Sina. Natapika? Hapana. Kichwa je? Kidogo. Nikatobolewa kidole, malaria ikatafutwa ikakosekana, nikapewa vidonge vya maumivu kwenye kibahasha cha kaki na ushauri wa kupumzika. Mimi huyo ambaye kwa wiki tatu sikuwa nimefanya kitu kingine ila kulala na kutazama dari ya hosteli.

Mara ya pili ilikuwa muhula uliofuata. Safari hii kulikuwa na fomu, tena ya Kiswahili. Maswali tisa, na kila swali linataka useme katika wiki mbili zilizopita umekuwa hivi au vile kwa kiasi gani: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Nilifika swali la huzuni nikakwama. Huzuni naijua. Babu alipofariki nilikuwa nayo, ikaniliza, ikanitoka polepole kama mafua. Niliyokuwa nayo hosteli haikuwa hiyo. Haikuniliza. Haikuwa hata na sababu ambayo ningemtajia mtu akanielewa. Kwa hivyo nikatia alama penye hakuna kabisa, kwa ukweli wangu wote, na hesabu ilipojumlishwa ikawa ndogo. "Uko sawa," nikaambiwa. "Ni presha ya masomo tu."

Miezi mitano baadaye niliacha chuo. Sikufukuzwa na sikugombana na mtu. Sikujisajili tu, na hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Siku hizi naishi Roysambu na naandika kwa kulipwa. Maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, na, wacha niseme ukweli, insha za wanafunzi wa Marekani wasiotaka kuandika zao. Mtu aliyeacha chuo anawafaulisha waliobaki. Cheka tu, hata mimi hucheka. Lakini ndiyo kazi iliyonikutanisha na daktari ninayetaka kukusimulia. Oda iliingia saa nne usiku: maneno 1,500 kuhusu tiba ya akili katika Afrika ya kikoloni, yafike kabla ya asubuhi. Nilidhani nitapanga tarehe, nipange majina, nilale. Badala yake nikakuta mahali ninapopapita kila nikienda tao.

Ukiwa kwenye mathree ya Thika Road, kabla hujafika Pangani, Hospitali ya Mathari iko pale upande wa Muthaiga. Mtoto wa Nairobi huijua kama tusi kabla ya kuijua kama hospitali. Kwani umetoroka Mathari? Ilianza mwaka 1910, kwenye majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikaitwa hifadhi ya wendawazimu ya Nairobi. Jina la Mathari likaja 1924. Wodi zilitenganishwa kwa rangi, kama kila kitu enzi hizo.

Mwaka 1938 ikapata msimamizi mpya, John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari Uingereza, na alikuwa ameshakuwa daktari wa serikali hapa Kenya kwa miaka kadhaa. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni mafunzo ya magonjwa ya akili. Alipewa hospitali kwanza, mafunzo yakaja baadaye. Alikaa hapo mpaka 1950.

Carothers alikuwa mtu wa kuhesabu. Alipitia rekodi za wagonjwa wake, na kati ya aliyoyaona ni kwamba Waafrika waliolazwa kwa depresheni walikuwa wachache mno. Sasa, hesabu kama hiyo unaweza kuisoma kwa namna mbili. Unaweza kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akifikishwa Mathari. Mwaka 1940, kama uko kijijini umenyamaza, huli vizuri, unakaa chini ya mti kutwa ukichora mchanga, hakuna chifu atakayekufunga kamba akusafirishe hadi Nairobi. Anayesafirishwa ni aliyechoma nyumba, aliyemwinulia jirani panga, aliyevua nguo sokoni. Aliyenyong'onyea hana kelele, na asiye na kelele haingii kwenye rekodi. Au unaweza kusema kwamba Mwafrika hana uwezo wa kuugua ugonjwa huo. Carothers aliegemea upande huu wa pili.

Tena aliegemea na mizigo yote. Mwaka 1951 aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, lililokuwa na umri wa miaka mitano tu, likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba depresheni humtaka mtu ajilaumu, na Mwafrika, ambaye lawama zake zote ni za mizimu na majirani, hajilaumu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamwomba aieleze Mau Mau. Akaieleza kisaikolojia: watu waliopotea njiani kati ya mila na usasa. Watu wanadai ardhi, wewe unawapima kichwa.

Nilisoma hayo saa nane usiku, kwenye chumba ambacho kodi yake ilikuwa imechelewa, mimi ambaye nilikuwa nimejilaumu kwa miaka miwili bila likizo. Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Carothers alijibiwa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili kule Blida, Algeria, alimrudia kwenye kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1961, mwaka ule ule aliofariki. Fanon ndiye hunukuliwa, na anastahili. Lakini mimi jibu lililonikaa ni la mwanamke mmoja Mwingereza, Margaret Field, ambaye miaka ya 1950 alikwenda Ashanti, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Ghana, akakaa kwenye madhabahu za waganga akisikiliza watu waliokuja kuomba msaada. Alikuta wanawake, wengi wa makamo, waliotembea mwendo mrefu kuja kujishtaki. Mimi ni mchawi. Nimewadhuru watoto wangu. Sifai. Kule kujilaumu kulikosemekana hakuko Afrika kulikuwa kumepiga foleni mlangoni kwa mganga. Kitabu chake kilitoka 1960.

Halafu kuna Uganda. John Orley na John Wing walichukua maswali yale yale yaliyokuwa yakitumika London, yakatafsiriwa kwa Luganda, wakayapeleka vijiji viwili. Matokeo waliyoyachapisha 1979 yalionyesha depresheni nyingi zaidi kwenye vijiji vile kuliko Camberwell, mtaa wa London waliolinganisha nao. Waganda hawakuugua ghafla. Waliulizwa, wakiwa nyumbani kwao, kwa lugha yao.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Lakini hoja ya Carothers ilishakuwa na mtoto. Mwaka 1973 daktari mwingine wa London, Julian Leff, aliandika kwamba watu wa nchi zinazoendelea hawatofautishi hisia zao vizuri kama watu wa nchi zilizoendelea, na akaihusisha tofauti hiyo na lugha. Hakusema ubongo. Alisema maneno. Lugha kama zetu, kwa mtazamo huo, zinasema hisia kwa mwili: moyo, tumbo, kichwa. Eti ni kama ngazi, mwili uko chini, akili iko juu, na Kiingereza kimeshafika juu kinatungojea.

Hapo ndipo iliponiuma, kwa sababu maneno ndiyo unga wangu.

Tuanze na huyo aliye juu ya ngazi. Neno depresheni lenyewe, ukilifuata hadi Kilatini, ni kushindiliwa chini, kama nguo kwenye sanduku. Neno lao la wasiwasi linatoka kwenye Kilatini cha kukaba koo. Hata emosheni, neno lao la jumla la hisia zote, halikushika maana hiyo ya kisayansi mpaka karne ya 19. Kabla ya hapo walikuwa na maneno mengine, mengi yakinukia kanisa. Kwa hivyo wenzetu nao wako mwilini kama sisi, ila wao wamesahau.

Sasa njoo kwetu. Chukua woga, hofu na wasiwasi. Woga unaweza kuwa tabia, mtu akaitwa mwoga tangu utotoni. Hofu ina kitu chake: nahofia mbwa huyu, nahofia matokeo. Wasiwasi hauhitaji kitu. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ya asili ni mnong'ono, ule ule ambao sura ya mwisho ya Kurani inamfundisha mtu kujikinga nao. Yaani sauti ndogo inayokusemesha ndani bila kukuambia imetoka wapi. Niambie ni lugha gani nyingine iliyoeleza vizuri saa tisa za usiku.

Au haya, aibu na fedheha. Haya ni kitu kizuri, ndiyo maana kumwambia mtu hana haya ni kumtukana. Haya hukuzuia kabla hujafanya. Aibu hukupata baada ya kufanya, na unaweza kuiona ukiwa peke yako chumbani na pazia limefungwa. Fedheha inataka watu. Mimi kuacha chuo, nikiwa Roysambu ambako hakuna anayejua jina langu la pili, ilikuwa aibu. Lakini mama yangu anauza mitumba Kongowea, na kwenye chama chao walikuwa wameshaanza kuchanga pesa za sherehe ya mimi kuhitimu. Alishanunua dera. Alinitumia picha yake, la zambarau, lenye nakshi kifuani. Mwaka mzima kila akinipigia kuniuliza masomo nilimwambia yanaenda. Iliyokuwa ikiningojea Kongowea si aibu, ni fedheha, na si yangu peke yangu.

Na uchungu, ambao ni ladha ya mwarobaini, ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, ni alichonacho mfiwa, na ni alichonacho mtu aliyedhulumiwa shamba. Leff angesema tumechanganya vitu vinne. Muulize mtu aliyedhulumiwa shamba kama ni vinne.

Lakini neno lililonikamata shati ni hamu. Kwa Kiarabu, hamm ni dhiki ya moyo, jambo linalokushughulisha usilale. Lilipovuka bahari likageuzwa mkononi mwa Waswahili: hamu ikawa ile njaa ya moyo, kutamani. Hamu ya kula, hamu ya kumwona mtu, hamu ya nyumbani. Mtu anayeshughulishwa na kitu ni mtu anayekitaka, ukifikiria. Sasa mtu akikuambia sina hamu, amekwambia nini? Hana njaa, hataki kuoga, hataki kuonana na mtu, wimbo aliokuwa akiupenda unapita redioni kama tangazo la dawa ya meno. Ile fomu ya kliniki ilihitaji maswali mawili matatu kuyafikia hayo. Kiswahili ni maneno mawili, sina hamu, na nilikuwa nayo mdomoni muda wote.

Kwa nini sikuyasema basi? Nimejiuliza hilo kuliko nilivyomuuliza Carothers.

Sehemu ya jibu iko shuleni. Kama ulifanya KCPE unaijua ile chati. Mwalimu wa Kiswahili aliibandika ukutani, na juu yake kulikuwa na bashasha, furaha ghaya, simanzi, jitimai, majonzi, machozi njia mbili mbili. Tulizikariri kama jedwali la kuzidisha. Ukiandika insha ya ajali, weka simanzi na jitimai. Ukiandika ya harusi, bashasha na nderemo. Alama zilikuwa pale. Mimi nilikuwa bingwa wa darasa, insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya wenzangu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwambia mtu yeyote nina simanzi. Nani angekuelewa? Ilikuwa lugha ya karatasi, kama vile tai ni nguo ya mahojiano.

Nje ya karatasi tulikuwa na nimechoka. Nimechoka ya kazi, nimechoka ya kuachwa, nimechoka ya kufiwa, zote bei moja. Na tulikuwa na niko tu. Sijui aliyelianzisha, lakini natamani Leff angelisikia. "Uko aje?" "Niko tu." Si salama, si vibaya. Nipo, na hakuna cha kuongeza. Ukisikia mtu wa Nairobi anakujibu niko tu mara tatu wiki moja, mnunulie chai.

Desemba nilipanda basi la usiku hadi Mombasa, lakini sikwenda kwa mama. Nilivuka feri moja kwa moja hadi Likoni kwa nyanya.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka umelima wapi?"

Akanikalisha kwenye mbuzi nikune nazi, maana kwake mgeni wa kiume hapewi pole kabla ya kupewa kazi. Ilikuwa rahisi kuongea nikitazama chicha ikianguka kwenye sinia. Nikamwambia sina hamu. Ya nini? Ya chochote. Tangu lini? Nikamwambia. Halafu, kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia na la chuo. Kimya. Nilisikia kuku tu. Nilidhani anatafuta namna ya kunilaani.

"Una ukiwa," akasema.

Nilikuwa nalijua neno hilo kwa maana ya kwenye kamusi, upweke wa mtu asiye na ndugu. Nikamwambia hapana, nina watu, hosteli tulikuwa wanne chumba kimoja. Akasema ndiyo. Babu yako alipokufa, akasema, nyumba hii ilijaa. Nilikuwa na huzuni, na huzuni ina watu wake, wanakuja, wanakupikia, wanalia na wewe. Arubaini ikaisha wakaenda zao. Huzuni nayo ikaenda nao. Kilichobaki hapa ndani ni ukiwa. Huo hauna mgeni. Watu wanapita mlangoni, wanasalimia, nawe unaitikia, na wewe hupo.

Ningependa kukwambia kwamba aliishia hapo, mwenye hekima. Hakuishia. Aliendelea kuniambia kwamba ukiwa wangu umetokana na husuda, kuna mtu kanitia jicho tangu nilipopata alama nzuri za sekondari, tena alikuwa na jina la mtu huyo na la mtaa wake. Kesho yake akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nilikunywa. Siamini ile habari ya jicho. Lakini jina la nilichonacho alinipa yeye, na sahani alinishikia yeye, na ukitaka kumpinga kwa moja uje umpinge kwa yote, mimi siwezi.

Jioni hiyo nilivuka tena, nikapita kisiwani hadi Nyali, kwa sababu kulikuwa na kaburi nilitaka kuliona. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo mkewe Rosine akafa kwa homa, na binti yao mchanga akafa siku chache baadaye. Wakazikwa huku upande wa bara. Krapf akabaki, na ndiye aliyekuja kukusanya maneno ya Kiswahili hadi yakawa kamusi kubwa, iliyochapishwa London 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa.

Vitabu vya historia humtaja kwa kamusi au kwa Mlima Kenya. Mimi pale niliwaza kitu kidogo zaidi. Mtu huyu alikuwa na miezi michache Mombasa. Ana karatasi, ana kalamu, anauliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Halafu anafiwa na mke na mtoto ndani ya siku chache, katikati ya watu ambao lugha yao bado anaiokota. Lazima kuna mtu alimjia akamwambia kitu. Watu wa Mombasa hawanyamazii msiba. Alielewa kiasi gani? Aliandika? Kuna maneno ambayo hujifunzi kwa kuuliza, unajifunza kwa kuambiwa.

Maneno ya watu wale, kwa njia, hayakupata shule. Mkutano uliochagua lahaja ya kusanifishwa ulifanyika hapo hapo Mombasa, 1928, na ukachagua Kiunguja. Sina ugomvi na Unguja. Lakini nyanya alipokuwa akinisikia nasoma insha zangu utotoni alikuwa akiuliza hicho ni Kiswahili cha nani.

Niliporudi Nairobi nilikwenda hospitali, nyingine, si ya chuo. Daktari alikuwa kijana wa Kisii, labda ananizidi miaka mitano. Nikamwambia sina hamu, na kwamba nyanya yangu anasema nina ukiwa. La pili hakulijua. Akaweka kalamu chini, akaniuliza maana yake. Nikamweleza, nikachukua muda, na alipoanza kuandika tena aliandika kwa Kiingereza, depresheni, kama nilivyotarajia. Sikuona shida. Dawa na vikao vimo kwenye neno hilo, na bima haijui ukiwa. Majirani zetu Watanzania wana neno zuri la kitaalamu, sonona, linalotoka kwenye kusononeka. Sisi tuna msongo wa mawazo, na kuna makaratasi yanayosema unyogovu, ambalo sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu mwenye nao.

Msongo wa mawazo huchekwa na wapenda lugha safi, eti ni neno la redioni. Mimi nalitetea. Kusonga ndicho unachofanya na mwiko kwenye sufuria ya ugali, na yeyote aliyewahi kulala na deni anajua mawazo yanavyosongwa na mkono usiouona, yakizidi kuwa mazito. Na chini ya hilo neno la redioni kuna lililo la zamani zaidi, mawazo peke yake. Yule ana mawazo. Usiwe na mawazo. Mzungu akisikia atadhani tunamsifu mtu kwa kufikiri.

Kule Zimbabwe Washona wana kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni ugonjwa, watu husema wanaumwa nao. Miaka ya 1990 watafiti mjini Harare, akiwemo Vikram Patel, badala ya kutafsiri fomu ya Ulaya walianza na watu wenyewe na waganga wao, wakauliza mnaitaje, wakatengeneza maswali kwa Kishona kutokana na majibu. Yalitoka 1997. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda akaanzisha mpango wa mabenchi nje ya kliniki za Mbare, na kwenye mabenchi hayo akaweka bibi wazee waliofunzwa kusikiliza. Mtu anakuja anakaa, anaulizwa maswali yale ya Kishona, anaongea. Utafiti wao wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Na mwaka 2013 kufungisisa ikaingia kwenye kitabu kikuu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, nyuma kabisa, kwenye orodha ya maneno ya kwetu. Safari ya miaka 60 tangu Geneva ilipomchapisha Carothers. Nilipomsimulia nyanya habari za mabenchi kwa simu aliuliza tu kama hao bibi wanalipwa.

Oda ile ya Mmarekani niliiwasilisha saa kumi na moja alfajiri. Alipata alama B, akalalamika kwamba nimeweka Kenya sana.

Mama hajui yote bado. Anajua sitahitimu mwaka huu. Nilimwambia kwa simu, akanyamaza, akasema dera halijaozea popote. La chama sijauliza. Juzi asubuhi alinitumia ujumbe kama kawaida yake: umeamkaje? Nilikuwa nimeshaandika niko sawa, kidole kiko juu ya kutuma. Nikafuta. Nikaandika niko tu, nikafuta. Nikaandika niko na mawazo, nikatuma, nikageuza simu uso chini kitandani kama mtu aliyetega bomu.

Ikalia baada ya dakika moja. Haikuwa ujumbe wake, ilikuwa M-Pesa, shilingi 300. Kisha ikalia tena, sasa ni yeye anapiga, na nyuma yake nasikia soko lote la Kongowea.

"Kwanza ule," akasema. "Umekula? Nunua nyama. Halafu uniambie, mawazo ya nini."